Ng'ombe Amerudi, Kadi Haijanunuliwa

"Usiniite mama Julius," Brigita alisema. "Mama Julius ana majirani. Mimi tangu alfajiri ya leo sina jirani."

Hilary alisema yeye hakuiba ng'ombe wa mtu, alikwenda kuuliza tu. Tena aliuliza kwa adabu. Alivua kofia, akaanza na habari za mvua, akapita kwenye ngano, akapita kwenye mbaazi, akamsifu hata mbwa wa Yohana, mbwa ambaye Yohana mwenyewe hajawahi kumwonea sifa, ndipo akafika polepole kwenye ng'ombe. Sasa kama Yohana ameamua kumleta ng'ombe kabla hata kuku hawajaamka, kosa ni la nani?

"Ulimuulizia wapi?"

"Kwake."

"Kwake wapi?"

"Pale mlangoni."

"Mlango upi, Hilary?"

Hapo Hilary aligeukia kompyuta yake, akapangusa kioo kwa mkono wa sweta, ingawa kioo chenyewe kilikuwa kimezimwa na hakikuwa na kitu cha kupanguswa. Mke akiacha kukuita baba Julius akakuita kwa jina la ubatizo, ujue kikao kimehama baraza na kimefika mahakamani.

Maana mlango wenyewe ulikuwa wa nyumba ambayo Selina, mke wa Yohana, alikuwa amelala ndani na kichanga ambacho hata kitovu hakijadondoka. Na huko milimani, kuanzia Mbulumbulu mpaka kwao Rhotia, nyumba yenye mzazi haiendewi kuulizwa ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe yule alikuwa wa Brigita. Baba yake alimpa siku alipoolewa, naye akampeleka kwa Yohana akae kule, kama watu wafanyavyo tangu zamani: wewe una ng'ombe, rafiki yako ana majani, yeye anakamua na kuweka samadi shambani, wewe unahesabu ndama, na urafiki unanenepa pamoja na ng'ombe. Siku ukimtaka, unamwomba, unapewa. Lakini kukiwa na mzazi ndani unapita mbali. Hata kama kwako kuna msiba unapita mbali, maana maziwa yale wakati huo ni ya yule aliyelala kitandani.

Yohana hakumjibu Hilary ndiyo wala hapana. Alimkaribisha uji, akamsindikiza mpaka njiani, akarudi. Kulipopambazuka, Brigita aliamshwa na mlio wa ng'ombe uani. Alipotoka akamkuta amefungwa kwenye nguzo ya uzio, na kibuyu cha kukamulia kimening'inizwa juu ya nguzo, kimeoshwa kikang'aa. Yohana alikuwa ameshafika bondeni, amewapa mgongo. Brigita alimwita mpaka sauti ikakauka. Mgongo haukugeuka. Kibuyu kikirudishwa hivyo, ng'ombe harudi tena kule, hata umpeleke na kengele za dhahabu.

Na yote hayo kwa ajili ya kadi.

Kadi yenyewe si ya kupigia kura wala ya kuchangia harusi. Ni kipande kinachokaa tumboni mwa kompyuta, kina mafeni yake na kazi yake ni kuchora picha. Kompyuta yenye kadi nzuri inaipika filamu huku wewe unakunywa chai. Kompyuta isiyo nayo inaipika kama maharage ya mwaka juzi: unachochea, unasubiri, unafunua, bado magumu.

Hilary alikuwa mtu wa filamu. Alianza na kamera ya kuazima, akipiga picha za kipaimara, na akawa hodari hasa. Kuna harusi moja ya Karatu aliipamba kwa namna ambayo bi harusi, alipoitazama, alimkataa mume wake mezani pale pale akasema anamtaka yule wa kwenye video. Iliwabidi wazee wakae kikao cha kumweleza kwamba ni mtu huyo huyo. Basi sifa zikaenea, zikafika mpaka Malambo, ambako watu walimwita akapige picha za madume yao, na dume mmoja alipojiona kwenye kioo akakataa tena kulala na wenzake zizini.

Sifa alikuwa nazo. Alichokosa ni uwezo wa kununua kitu siku kinapouzwa. Ugonjwa huo aliupata kwa baba yake, si kwa kurithi bali kwa kushuhudia. Marehemu Wilibrodi aliuza kila kilichoweza kutembea kwenye boma lake akanunua mashine ya dizeli ya kusaga mahindi. Siku aliyoiwasha, wanasema nyati walioko kreta ya Ngorongoro walipanda ukingoni kuja kuuliza kulikoni. Rangi yake haijakauka vizuri, nguzo za umeme zikapanda mlima, na mtu mwingine akafungua mashine ya umeme hatua chache kutoka pale, inayosaga kimya na kwa bei nafuu. Mzee aliendelea kuwasha dizeli yake kila asubuhi bila mteja, akikaa kando yake kwenye gunia, mpaka moshi ukamtia weusi kwenye kope. Watoto wakipita njiani waliigiza mlio wa mashine, na Hilary akiwa kati yao aliigiza pia ili asijulikane kuwa ni mwanawe.

Tangu hapo akajiapiza: hatanunua kitu leo ambacho kesho kitatoka kizuri zaidi.

Swaleh, mwenye duka la simu na vifaa vya umeme pale Karatu, ndiye aliyebeba mzigo wa kiapo hicho. Kila akipata kadi kutoka Arusha alimpigia simu Hilary, na Hilary alikuja mbio. Aliomba boksi, akaligeuza, akalinusa, akasoma maandishi ya pande zote, akauliza maswali ambayo hata waliotengeneza wangeomba muda wa kufikiri. Kisha alilirudisha mezani kwa heshima, kama mtu anayemrudisha mtoto wa watu kwa mama yake, akasema tusubiri kidogo, inatoka nyingine.

Na kweli ilitoka nyingine. Hilo ndilo lililomharibu, kwamba alikuwa sahihi kila mara. Alisubiri ya kwanza ishuke bei, ikashuka, akasema itashuka zaidi. Mara kukazuka watu duniani wanaozitumia kadi hizo kuchimbia pesa za mtandaoni, bei ikapaa kama moshi. Hilary akasema mnaona, wanaonunua sasa ni wajinga, tungoje. Ikashuka tena, akasema bado inashuka, mtu haruki kwenye gari likiwa linateremka. Halafu wakaja hawa wengine, wenye mashine zinazojibu maswali na kuandika barua, mashine zinazokula kadi kama nzige, na bei ikapanda upya. Swaleh alimwambia siku moja kwamba Bwana Hilary, wewe ungekuwa Nuhu, wanyama wangekufa maji wamepanga foleni.

Wakati huo kazi ilikuwa imebadilika. Kauthar, dada anayesimamia wageni wa kampuni moja ndogo ya utalii pale Karatu, alimpa Hilary kazi ya filamu za wageni. Dereva anashuka nao kreta na kamera, jioni picha zinafika kwa Hilary, na mgeni anapoondoka anaondoka na filamu yake: yeye, faru, na ziwa nyuma. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye kompyuta yenye mbio. Ya Hilary haikuwa nayo. Mgeni alifika kwao Ulaya, akaoga, akaoa, akastaafu, filamu bado inapikwa Karatu.

Ndipo Hilary akanunua. Lakini hakununua kama watu. Alimpita Swaleh, akanunua kwa kijana wa Arusha kadi kuukuu iliyokwisha choka kwa wale wachimba pesa, kwa sababu alikuwa amegundua siri.

Siri yenyewe ilikuwa baridi.

Alisoma kwenye simu yake, usiku na mchana, kwamba kadi ikitoka kiwandani imewekewa mwendo wake, lakini mwendo huo si mwisho wa uwezo wake. Unaweza kuipandisha. Vijana wa Arusha wanaita kuovakloki. Unaingia ndani kwa programu, unaiongeza mwendo kidogo, unaitazama, unaiongeza tena, mpaka kadi ya maskini inakimbia kama kadi ya tajiri. Adui ni joto tu. Ukiisukuma inachemka, na ikichemka inaganda au inakufa. Kwa hiyo watu wa Dar wanaifungia mafeni makubwa, wengine mabomba ya maji, wanahangaika. Hilary aliposoma hayo alicheka peke yake mpaka Brigita akadhani amepatwa na malaria. Baridi! Yeye amezaliwa chini ya msitu wa Ngorongoro, mahali ambapo asubuhi ya mwezi wa sita ukungu unashuka mzito kiasi kwamba mtu huukata kwa panga ili aone choo kilipo, na ukitema mate hayafiki chini, yanabaki yametundikwa. Wenzake wananunua baridi, naye Mungu amempa bure.

Akaacha chumba chake cha mjini, chumba kizuri cha barabarani kilichokuwa na kibao na wateja waliokuwa wakipita kwa miguu, akaihamishia kompyuta nyumbani, juu kabisa, kwenye chumba chenye dirisha linalotazama msitu. Akang'oa kioo cha dirisha. Akaifungua kompyuta ubavu, akaikalisha pale mbele ya upepo kama mtu anayeoteshwa jua.

Na ikakimbia. Lazima isemwe ukweli, ilikimbia. Msimu ule wa kwanza ilipika filamu kabla wageni hawajavua viatu. Upande ilikotolea hewa ya moto, kuku wa Brigita alitaga na kuangua vifaranga ambao walizaliwa wamechoka kwa mbio. Hilary alipita Karatu kifua mbele, akimweleza kila aliyesimama kwamba wanaonunua kadi mpya hawajui wanachofanya. Swaleh alimwonya mara moja tu. Alimwambia bwana, baridi ni kitu kimoja na maji ni kitu kingine. Hilary akamjibu kwamba mfanyabiashara hatapenda kamwe kuona mtu anapata kitu bure.

Vumbi la Karatu kila mtu analijua. Jekundu, laini kama unga wa ulezi. Likiingia kwenye shati jeupe, shati hilo halitakumbuka tena kwamba lilikuwa jeupe. Kiangazi kizima mafeni ya ile kadi yalilivuta ndani bila kioo cha kulizuia. Kisha ukungu ukaja, na ukungu ni maji yanayotembea. Vumbi na maji vikakutana tumboni mwa kompyuta, vikafanya vile vinavyofanya kila mahali vikikutana. Siku ile Hilary anapika filamu ya wazee wawili wa Kizungu waliokuja kuadhimisha ndoa yao, safari yao ya mwisho pamoja maana mzee alikuwa mgonjwa waziwazi, kadi ikapiga mlio kama jino linavyong'olewa, ikatoa harufu. Alipoifungua akakuta tope. Brigita alisema tope lile lilikuwa zuri, angeweza kufinyangia chungu. Hakuwa anachekesha.

Wale wazee waliondoka mikono mitupu. Kauthar hakupiga kelele. Alimwambia tu kwa simu kwamba Kaka Hilary, wageni wa msimu wanaanza kushuka kreta wiki hii. Kama una kompyuta inayofanya kazi niambie, kama huna niambie pia, maana nikinyimwa filamu tena ni mimi nitakayeondoka kazini. Hilary akamwambia asiwe na wasiwasi, kadi iko njiani. Ilikuwa njiani, ndiyo, kwa maana kwamba ilikuwa dukani kwa Swaleh na njia ilikuwa katikati.

Kampuni ile ndiyo iliyobaki. Watu wa harusi walikuwa wameshahama, wamekwenda kwa wenye vyumba barabarani. Kauthar akiondoka, Hilary atabaki na dirisha lisilo na kioo.

"Haya," Brigita alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na Hilary angependa ibaki juu. "Nimefikiri tangu asubuhi. Ng'ombe harudi kwa Yohana. Nikimrudisha atanitazama kama mtu aliyemtemea mtoto wake mate, na ana haki. Selina ndiye aliyenishika mkono siku ninamzaa Julius. Leo hatakubali nimletee hata chumvi."

Hilary alitaka kusema kwamba Yohana atapoa, watu hupoa. Alimkumbuka Yohana akimsindikiza mpaka njiani jana yake, akitembea upande wa bonde ili yeye apite pakavu. Alikuwa amejiambia kuwa huo ni ukarimu. Sasa alijua kwamba mtu alikuwa akimsindikiza rafiki kwa mara ya mwisho, naye alitumia njia nzima kuzungumzia mafeni.

"Kwa hiyo ubaya tumeshaufanya," Brigita aliendelea. "Umeufanya, lakini tunaishi nyumba moja. Basi angalau uzae kitu. Mchinjaji nimeshamwambia, anakuja kumchukua. Nenda kwa Swaleh leo, ununue hiyo kadi, umpigie Kauthar umwambie ipo. Mimi sitalitaja tena jambo hili. Nitalimeza kama dawa ya minyoo."

Ulikuwa msamaha, au kitu kilichokaa karibu na msamaha, na Hilary alihisi macho yakimwasha. Alisimama, akavaa kofia. Akaivua.

"Ipi?" akauliza.

"Ipi nini?"

"Swaleh anazo mbili."

Akaanza kueleza, na alipoanza uso wake ulipata nuru ambayo Brigita alikuwa hajaiona tangu kadi ya kwanza ife. Moja ni kubwa, inakimbia kwa mwendo wake wa kiwandani, haihitaji kusukumwa, na itameza ng'ombe mzima mpaka kwato. Nyingine ni ndogo, inabakiza kitu, na watu wa mtandaoni wanasema inakubali sana kupandishwa mwendo. Lakini kadi ni kama mapacha, zimetoka tumbo moja na hazifanani. Unaweza kupata inayokubali, unaweza kupata inayogoma, na hujui mpaka umeshalipa. Safari hii angeweka kitambaa dirishani, si kioo, kitambaa chepesi, kinachopitisha baridi na kuzuia ukungu.

"Chukua kubwa," Brigita alisema.

"Kubwa ndiyo, na mimi nilisema kubwa. Ila sasa kubwa yenyewe..."

Akatafuta simu mfukoni. Akaitoa, akaipekua kwa kidole gumba, akamsogelea mkewe amwonyeshe. Kuna habari. Haijathibitishwa, lakini wanaoisema ni watu wanaojua. Inatoka nyingine mwishoni mwa mwaka, na ikitoka, hii kubwa itashuka, na mtu atakayekuwa ameinunua leo atakuwa amekaa kwenye gunia kando ya mashine ya dizeli. Hakusema hivyo kuhusu gunia. Alisema tu kwamba atajuta.

Nje ng'ombe alilia, mlio mrefu wa ng'ombe aliyejaa kiwele na hakuna aliyemkamua. Hakuna kati yao aliyetoka. Kibuyu cha kumkamulia kilikuwa pale pale kwenye nguzo, na Brigita alikuwa ameapa hatakigusa.

"Na wageni wa Kauthar?" aliuliza.

"Nitaongea naye. Kauthar ni mtu mwelewa. Nitamwambia msimu huu tuanze taratibu, tupike kwa kompyuta ilivyo, filamu fupi fupi, halafu mwisho wa mwaka..."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe tukae naye kwanza."

Brigita alikaa kwenye kiti cha Hilary, kiti kile cha magurudumu ambacho hakuruhusu mtu akikalie. Aliweka mikono juu ya meza, kando ya kompyuta iliyofunguliwa ubavu, na akatazama ndani ya lile tumbo tupu ambamo bado tope lilikuwa limegandia pembeni, limekauka, limepasuka kama bwawa la kiangazi.

"Kile kichanga," alisema, "wameshakipa jina. Yohana alitaka kukuomba uwe baba yake wa ubatizo. Selina alinidokeza wiki iliyopita, akasema nisikwambie, nimwache Yohana akuombe mwenyewe ukienda kuwaona."

Hilary alishika simu yake kwa mikono miwili.

"Ulipokwenda," Brigita alisema, "alidhani umekwenda kuwaona."

Hilary alifungua mdomo. Alitaka kusema anakwenda sasa hivi, kwa Swaleh, kwa Yohana, kokote, anunue kubwa, anunue zote mbili. Maneno yalikuja yote kwa pamoja yakabanana mlangoni.

"Mama Julius," alisema, "kesho asubuhi na mapema, Mungu akijalia, mimi..."

"Hodi," mtu alisema. Kwa kelele za ng'ombe hawakuwa wamelisikia gari likipanda. Kauthar alikuwa amesimama mlangoni, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu. Hakungoja kukaribishwa, na hakutazama kiti alichosogezewa. Aliitazama kompyuta, akanyoosha mkono, kiganja juu, kama mtu anayeomba arudishiwe picha za wageni wake.